Msimkate mtoto ukano kwa sababu ya r

Wiki hii mzazi mwingine ameniandikia. Mwanawe ana miaka sita, anasema "rakini" na "lafiki", na jirani amemshauri ampeleke akakatwe ukano ulio chini ya ulimi, eti ulimi wake ni mzito. Swali hili hunifikia kila muhula, mara nyingine kutoka kwa walimu, na jibu langu halijabadilika: mwacheni mtoto na ulimi wake. Safari hii nalijibu kwa urefu.

Msikilizeni mtoto mwenyewe. Kwenye "rakini" ametoa kimadende, yaani r, mahali pa kitambaza, yaani l. Kwenye "lafiki" ametoa kitambaza mahali pa kimadende. Zote mbili anazo! Ulimi usioweza r hautaipata pale isipotakiwa halafu uikose pale inapotakiwa. Upo ukano mfupi kweli, unaoizuia ncha ya ulimi kuinuka, na huo ni wa daktari kuupima. Wapo pia watoto wa miaka mitatu wanaosema "lafiki" bila kuwahi kusema "rakini". R huchelewa katika lugha nyingi, subirini tu. Kuzibadilisha l na r huku na huku ni jambo jingine kabisa.

Kikuyu kina fonimu moja tu hapo, yaani sauti moja inayotofautisha maneno, na alfabeti yake haina herufi l. Luganda inanisaidia zaidi kwenye hoja hii: l na r ni alofoni, yaani sura mbili za fonimu moja, r ikija baada ya irabu e na i, l ikikaa kwingine. Chakula ni emmere, kula ni okulya. Mganda hutamka zote mbili kutwa nzima bila kuwaza. Mlete kwenye Kiswahili, ambako kula si kura na mahali si mahari, anajikwaa. Ulimi ni uleule uliosema emmere asubuhi. Kilichoongezeka ni kudaiwa akumbuke, neno kwa neno, tofauti ambayo lugha yake humpangia kwa kanuni.

Nikifika hapo huambiwa, "Basi ni masikio." Na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa sababu mzazi huwa ameshampeleka mtoto hospitali, amepimwa, cheti kinasema anasikia vizuri, na mwalimu akahitimisha kwamba mtoto ni mvivu. Kipimo kile hucheza milio mitupu, mmoja mmoja, kuanzia hezi 250 hivi hadi 8,000, kutafuta kiwango cha chini kabisa anachokisikia. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri sana. Hakijamuuliza mtoto lolote kuhusu kula na kura. Kusikia mlio na kuutambua kama sauti fulani ya lugha fulani ni hatua mbili, na ya pili haisomeki kwenye cheti kile.

Mwaka 1975 mtafiti Miyawaki na wenzake walilionyesha hili vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza. Kwa Kiingereza, kinachozitenganisha r na l hasa ni formanti ya tatu, yaani kilele cha tatu cha mwangwi wa kinywa, ukihesabu kutoka chini. Wajapani walipochezewa kipande hicho peke yake, kikiwa hakifanani na usemi, walitambua mabadiliko yake sawa na Wamarekani. Kiliporudishwa ndani ya silabi, "ra" na "la" zikawachanganya. Masikio yalikuwa yamepokea kila kitu. Akili ndiyo iliyokuwa imejifunza, tangu utotoni, kwamba tofauti hiyo haina kazi. Na hujifunza mapema mno: Werker na Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa Kanada wa miezi sita hadi minane, kutoka nyumba za Kiingereza, walitenganisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao huzikosa. Kufikia miezi 10 hadi 12, wengi hawakuweza tena.

Chuoni jambo hili halina mlango mmoja. Wanafonetiki tuko isimu, na Praat zetu, programu ya kuchanganua sauti, tukipima sauti inavyotoka. Wanasaikolojia hupima msikilizaji anaamua nini na kwa kasi gani. Madaktari wa masikio wana milio yao. Wahandisi huhesabu makosa ya mashine inayogeuza usemi kuwa maandishi, na matokeo yao nayo huletwa kwangu kama hukumu: simu imeandika "kura", kwa hiyo mtoto ametamka sawa. Mashine hiyo huegemea maneno jirani. Ikishapata "kupiga", itaandika "kura" hata mtoto akisema "kula". Kila idara imejibu swali lake kwa haki; kosa ni kuchukua jibu la mmoja na kumhukumu nalo mtoto.

Sasa yanayonisumbua mimi mwenyewe. Hoja yangu inadai kwamba kutambua sauti hutangulia kuitamka, na kuna utafiti wa kuniunga mkono: Bradlow na wenzake, 1997, waliwafunza Wajapani kusikiliza tu, na matamshi yao yakaboreka bila kufunzwa kutamka. Lakini Goto mwaka 1971, kisha Sheldon na Strange mwaka 1982, walikuta Wajapani wanaotamka r na l vizuri kuliko wanavyozitambua, hata katika sauti zao wenyewe. Nafundisha yote mawili katika kozi moja na sijapata nadharia inayoyakalisha pamoja bila kulazimisha. Shaka ya pili ni kubwa zaidi. Watoto wale wa Kanada walilelewa na lugha moja nyumbani. Mtoto wa Nakuru anasikia Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza kabla hajatambaa, na Kiswahili chenyewe anakipata kwa mama ambaye pengine naye hazitenganishi l na r. Je, amepoteza tofauti hiyo au hajawahi kupewa? Naegemea jibu la pili, na ndiyo maana sipendi kuita hali hii tatizo la mtoto.

Mzazi aliyeniandikia anataka la kufanya, nami ninalo. Chora sahani ya chakula na sanduku la kura. Tafuta watu kadhaa wanaozitenganisha l na r, mwanamke, mzee, kijana, uwarekodi kwenye simu wakisema kula na kura, neno tupu bila sentensi. Wawe wengi, maana Lively na wenzake walikuta mwaka 1993 kwamba waliofunzwa kwa sauti ya msemaji mmoja walishindwa kuzitambua katika sauti za wasemaji wapya. Mtoto asikilize, aonyeshe picha, na aambiwe papo hapo kama amepatia au amekosa. Dakika chache kila siku. Wala msimlazimishe kukariri "rrr" mbele ya wenzake darasani. R anayo tayari.