Katuni adimu: mnunuzi analipia nini hasa?

Kila inapotangazwa kwamba kitabu cha katuni kimeuzwa kwa mabilioni ya shilingi huko Marekani, hapa Kampala huzuka watu wanaokumbuka sanduku la bati la shuleni lililobaki kwa mjomba, limejaa vitabu vya picha vilivyopauka. Je, na hivyo ni mali? Swali ni la haki. Jibu, mara nyingi mno, ni hapana, na sababu za hapana hiyo ndizo zinazoeleza katuni adimu ni kitu gani.

Wakusanyaji wanaposema katuni ni adimu hawana maana ya kwamba ni kuukuu. Wana maana kwamba nakala zilizobaki duniani ni chache kuliko watu wanaozitaka. Pande zote mbili lazima ziwepo. Kipeperushi cha mbegu cha mwaka 1940 kinaweza kuwa kimebaki kimoja tu, na bado kisipate mnunuzi. Kwenye katuni, kinachowavuta wanunuzi karibu siku zote ni toleo lililomleta mhusika mashuhuri kwa mara ya kwanza. Toleo la pili, hata likiwa gumu zaidi kupatikana, mara nyingi huwa la bei ya chini kwa mbali.

Mfano wa kila mtu ni toleo la kwanza la Action Comics, la mwaka 1938, lililomtoa Superman. Bei yake ilikuwa senti 10 za Marekani. Jaladani imeandikwa Juni, ingawa lilifika kwa wauza magazeti mwezi Aprili; wachapishaji wa enzi hizo walitanguliza tarehe ili kitabu kisionekane kimechacha na kuondolewa mezani mapema. Waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zao kwa dola 130. Hundi iliyobeba malipo hayo ilikuja kuuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000, nayo ni kipande cha karatasi ambacho hata hadithi hakina.

Nakala kama 200,000 za toleo lile zilichapishwa. Zinazokisiwa kuwepo leo ni kama 100. Moja iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6, yaani zaidi ya shilingi bilioni 20 za Uganda. Kisha Novemba 2025 toleo la kwanza la jarida lililobeba jina la Superman mwenyewe, la mwaka 1939, likaipita kwa dola milioni 9.12. Hiyo nakala ya pili wana waliikuta darini kwa marehemu mama yao huko California, ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu.

Zile nyingine laki mbili kasoro zilikwenda wapi? Zilitupwa. Katuni za miaka ile zilikuwa vitu vya watoto: zilisomwa, zikakunjwa mfukoni, zikabadilishwa na za jirani, zikachanwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na marundo ya katuni yakaenda. Zilizonusurika zilikabiliwa na adui aliye ndani yake zenyewe, kwa sababu zilichapishwa kwenye karatasi duni ya gazeti, yenye asidi, ambayo hugeuka rangi ya chai na kuvunjika vipande kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1954 ukaongeza balaa lake. Katuni zilishtakiwa hadharani, mpaka mbele ya Baraza la Seneti, kwamba zinaharibu vijana, na mzazi aliyekuwa akisitasita alipata kisingizio cha kuzichoma.

Kwa hiyo bei kubwa inatokana na kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukitunza. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini katuni za miaka ya 1990 hazina maana sokoni. Watu walikuwa wameshasikia habari za mamilioni, wakaanza kununua nakala tano tano na kuzifungia. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8. Zimehifadhiwa vizuri mno, na ndiyo sababu leo kila mwenye nayo anamtafuta mwenzake amuuzie. Soko lile liliporomoka, na kampuni ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, iliomba kinga ya mufilisi mwishoni mwa 1996.

Baada ya uchache na mhusika inakuja hali ya nakala, na hapa ndipo mgeni hushangaa. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni ya Marekani iitwayo CGC ambayo kazi yake ni kukagua katuni, kuipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Mkaguzi anatazama pembe kama zimevunjika, mgongo kama una mikunjo midogo, pini kama zina kutu, kurasa kama bado nyeupe au zimekuwa kahawia. Mkunjo mmoja usioonekana mpaka ugeuze kitabu kwenye mwanga unaweza kushusha alama, na ikishuka huko juu kileleni inakwenda na pesa nyingi. Chukua Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, iliyomleta Spider-Man kwa senti 12. Nakala yenye alama 9.6 iliuzwa dola milioni 1.1 mwaka 2011, na nyingine ya alama hiyohiyo dola milioni 3.6 mwaka 2021. Nakala zake si adimu sana. Zilizochakaa zinapatikana, kwa sehemu ndogo kabisa ya bei hiyo. Adimu ni ile safi. (Binafsi naona kuna kichekesho katika kitabu kinachopanda thamani kwa sharti la kutofunguliwa tena, lakini soko halikuniuliza.)

Ukarabati nao huadhibiwa. Aliyegusia rangi palipokwaruzika, akabandika kipande cha karatasi penye tundu au kuosha jalada, hupewa lebo ya zambarau badala ya ile ya buluu, na wanunuzi wengi hukimbia. Mgeni angedhani kitabu kilichotengenezwa kimeongezewa kitu. Mkusanyaji anahesabu kwamba kimepunguziwa ukweli wake.

Historia ya nakala pia ina uzito. Mwigizaji Nicolas Cage alinunua Action Comics ya kwanza mwaka 1997 kwa dola 150,000, ikaibwa nyumbani kwake mwaka 2000, na ikaonekana tena mwaka 2011 kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo huko California. Mwaka huohuo iliuzwa zaidi ya dola milioni 2. Wizi haukuichafua, uliipa jina. Na kuna katuni za Edgar Church wa Colorado, mchoraji wa matangazo aliyepanga maelfu ya katuni nyumbani kwake, kwenye hewa kavu na ya baridi, zisiguswe na jua. Muuza katuni Chuck Rozanski alizinunua mwaka 1977, na hadi leo katuni ikithibitika kwamba ilitoka kwenye rundo lile, bei yake inaruka.

Hewa kavu: hapo ndipo sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunaposhindwa. Unyevu wa Entebbe na Jinja hulainisha karatasi, huleta ukungu na kutia pini kutu, na kilichobaki mchwa hawakidharau. Nakala iliyokaa Uganda tangu miaka ya 1950 na bado ni nyeupe ingekuwa ajabu yenyewe.

Hata hivyo si kwamba hakuna cha kutafuta. Kwa kuwa tulitawaliwa na Mwingereza, mwenye bahati huenda akakuta Dandy au Beano, katuni za watoto za Uingereza, za zamani kwenye vitabu vya mitumba. Dandy ya kwanza ilitoka Desemba 1937 ikiwa na filimbi ya zawadi kwa mtoto. Nakala moja iliyobaki na filimbi yake iliuzwa zaidi ya pauni 20,000 mwaka 2004. Bila filimbi ingekuwa habari nyingine.

Kuna pia katuni zetu. African Film, yenye mpelelezi Lance Spearman, ilisimulia kwa picha za kamera, na kampuni ya jarida la Drum iliisambaza huku miaka ya 1960 na kuingia ya 1970. Jarida la Joe lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. James Tumusiime, ambaye baadaye alianzisha Fountain Publishers hapa Kampala, ndiye aliyembuni Bogi Benda, mhusika wa katuni, alipokuwa Kenya. Karatasi hizi zimepitia yaleyale ya Marekani, pengine mabaya zaidi, maana gazeti la jana huku hufungia karanga. Uchache upo, mhusika anayekumbukwa na wazee yupo. Kinachokosekana ni upande wa pili: wanunuzi wa kutosha, mnada, na orodha ya bei kama ile ambayo Robert Overstreet aliianza Marekani mwaka 1970. Bei ya Joe ni ile watakayokubaliana watu wawili. Kwa maoni yangu mwenye rundo kamili la Joe ana kitu adimu kuliko mwenye X-Men ya 1991, lakini akienda sokoni kesho, wote wawili watarudi na nauli tu.

Kabla ya kumwambia mtu kwamba umepata Action Comics ya kwanza, chukua rula. Mwaka 1974 wachapishaji waliitoa upya kwa umbo kubwa, ndani ya jalada la pili la nje lililosema wazi kwamba ni nakala mpya. Wajanja hulivua lile jalada la nje, na kinachobaki ndani kinafanana na cha 1938 mpaka kwenye senti 10. Ya asili ina upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa karibu 26 na nusu. Ya 1974 ni kubwa waziwazi. Kama kipimo kimekubali, usiibandike selotepu mahali popote, usiiweke kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ya kawaida inayofungia unyevu ndani, na pini zikiwa na kutu ziache zilivyo, kwa kuwa kuzing'oa na kutia mpya ni jambo ambalo mkaguzi ataliona na kuliandika kwenye lebo.