Kuongea mbele za watu sio kipaji, na sio Kiingereza

Jumamosi tena mzazi kaniambia yale yale: "Mwalimu, huyu wangu mkimya, mambo ya dibeti hayamfai, bora umchukue mdogo wake ndo anajua kuongea." Mimi ni mlezi wa klabu ya midahalo mwaka wa 11 huu na hii kauli imenichosha. Huyo mdogo mtu anajua kupiga stori. Msimamishe mstarini aeleze jambo moja kwa dakika 2 uone anavyozunguka, hajui aanzie wapi aishie wapi. Mkimya mara nyingi kashapanga kila kitu kichwani, kinachomshinda ni macho ya watu, na macho ya watu yanazoeleka.

Ndo maana nasema waanze wadogo. Wa darasa la 3 akikosea wenzake wanacheka, kengele ikigonga wote wako kwenye mpira. Wa form two akichekwa analibeba mpaka anamaliza shule.

Ngonjera za siku ya wazazi ni nzuri, zinajenga sauti na pumzi, ila hazimfundishi mtoto kujibu swali ambalo hakulitegemea.

Sasa hili la Kiingereza ndo linaniuma. Mtoto kasoma miaka 7 kwa Kiswahili shule ya serikali, kaingia form wani anakuta dibeti ni Kiingereza kitupu, akikwama tunasema hajiamini! Mwaka juzi binti mmoja alisimama kashika karatasi mpaka imelowa jasho, mada ni maji ya bomba na ya kisima, kasema sentensi moja kanyamaza. Nikamwambia weka karatasi chini, niambie mimi tu, kwa Kiswahili, kwenu maji mnachota wapi. Akaeleza foleni ya ndoo alfajiri, bei ya dumu, mdogo wake alivyougua tumbo, hakukwama hata mara moja na darasa zima kimya linamsikiliza. Hoja alikuwa nazo muda wote. Tangu hapo muhula wa kwanza kwangu ni Kiswahili tu, Kiingereza kinafuata, na wanaosema nashusha kiwango waje wasikilize.

Na msiniambie Nyerere alizaliwa na kipaji cha kuongea. Kabla hajasimama Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1955 alishasimama mbele ya wanafunzi Tabora na Pugu, chaki mkononi, siku baada ya siku.

Kuna kitu kinanisumbua lakini. Waliopita kwangu wakafanya vizuri kwenye intavyuu, sijui ni dibeti iliwasaidia au wangefika tu, maana wengi wanaojiunga wenyewe wanakuja na ujasiri wao. Na kuna wawili niliwasimamisha mapema mno, mbele ya shule nzima, hawakurudi tena klabu. Lile kosa ni langu. Siku hizi mtoto anaanza kumweleza mwenzake wa dawati, halafu kundi la watu watano, darasa baadaye kabisa, wengine inawachukua muhula mzima na sina haraka nao.

Yule mkimya wa Jumamosi nimemwandika. Anaanza Jumatano, na mwenzake wa dawati.