Usanifu wa ua: maana yake katika mji uliojengwa juu ya mawe

Neno ua lina maana mbili zinazotenganishwa na ngeli peke yake. Kuna ua la, ambalo wingi wake ni maua, na kuna ua wa, ambao wingi wake ni nyua, yaani eneo lililozungushiwa kizuizi na kushikamana na nyumba. Ninaanza na sarufi kwa sababu kosa ambalo wengi wetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hulifanya tunapoamua kuutengeneza upya uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba ni kosa la ngeli: tunalifikiria ua la kabla ya kuufikiria ua wa. Tunanunua miche, tunaipanga kando ya ukuta, tunafurahi kwa wiki tatu, kisha mvua za Septemba zinashuka kutoka kwenye mabati na kuichimbua yote, kwa kuwa hatukuwa tumejiuliza maji ya paa huangukia wapi.

Usanifu wa ua ni kazi ya kuamua, kabla ya kupanda au kujenga chochote, kila sehemu ya kiwanja kilichobaki nje ya nyumba itatumika kwa nini, na maji, watu, jua na taka vitapita wapi. Ni tawi dogo la usanifu wa mandhari, taaluma inayoshughulikia pia viwanja vya umma, kingo za barabara na fukwe. Bustani ni kile kinachopandwa. Usanifu ni uamuzi uliotangulia, na uamuzi huo unaweza kukamilika bila mche hata mmoja kununuliwa. Vivyo hivyo, kupaka ukuta rangi na kupanga vyungu mlangoni ni kupamba, na kupamba hakuna ubaya, ila hakuwezi kuuondoa mfereji uliopita mahali pasipofaa.

Mambo haya ni yale yale popote, lakini mpangilio wake hutegemea ardhi, na ardhi ya Goma si kama ya mji mwingine. Vitabu vingi vya bustani huanza na sura ya udongo: uuchimbe, uupime, uurutubishe. Katika mitaa mingi ya mji huu anayechimba hukutana na jiwe kabla jembe halijazama. Volkano ya Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, safari hiyo lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mara nyingine tarehe 22 Mei 2021, ambapo mkondo ulisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Chini ya mikondo hiyo kuna mikondo ya kale zaidi. Kwa hiyo viwanja viwili vinavyotenganishwa na barabara moja vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kikawa juu ya lava ya zamani iliyokwisha kuoza na kufanya tabaka la udongo mweusi, kingine kikawa juu ya bamba gumu ambalo bado linalia kama chuma likigongwa kwa nyundo.

Jiwe hilo ndilo mwanzo wa usanifu, na mwenye ua ana njia tatu za kushughulika nalo. Anaweza kulivunja, kazi inayofanywa kwa nyundo, tindo na mikono, na vipande vyake vikafaa kwa msingi au kwa ukuta. Anaweza kulifunika kwa udongo wa kununua. Au anaweza kuliacha lilivyo na kulipatia kazi. Njia ya tatu ndiyo husahaulika, ingawa mara nyingi ndiyo ya gharama ndogo. Katika ua mmoja wa mtaa wa Katindo niliokuwa nikiupima pamoja na mwenye nyumba na fundi wake, wenye mita 6 kwa 8, kulikuwa na nundu ya lava kwenye pembe, ndefu kama kitanda na ya kimo cha goti. Mwenye nyumba alitaka iondoke. Fundi aliigonga mara mbili, akasikiliza, akasema: «Mama, hili tukilivunja litatula siku tatu. Tuliache liwe kiti.» Leo nundu ile imesuguliwa upande wa juu, imewekewa kivuli cha mmarakuja uliopandishwa kwenye nyaya, na jioni watoto ndipo wanapomenyea maharage. Huo ni usanifu kamili, na haukugharimu zaidi ya nyaya na mche mmoja.

Anayechagua kufunika jiwe inampasa apige hesabu mapema, kwa sababu udongo unaoletwa kwa lori au kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ni mali. Kitalu cha kuinuliwa chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 30 kinameza zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, sawa na mifuko kama 27 ikiwa kila mfuko unabeba lita 40. Kina hicho kinatosha lengalenga, vitunguu na nyanya, lakini hakitoshi mti. Upana wa mita 1.2 nao una sababu: mtu aliyechuchumaa upande mmoja anafika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo, na udongo usiokanyagwa haushindiliki. Kingo hujengwa kwa vipande vya lava vilivyopangwa bila saruji, vikiegemea ndani kidogo, ili maji ya ziada yajipenyeze nje. Anayeziba kila nafasi kwa saruji amejenga beseni, wala si kitalu.

Kuhusu maji ndiko ninakotaka kukaa zaidi, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Goma haina mto unaopita mjini; mvua ikinyesha juu ya lava iliyopasuka hutoweka chini kana kwamba imemwagwa kwenye chujio, ilhali ikinyesha juu ya bamba lisilo na nyufa husimama pale pale au hutiririka kwa jirani na kuzua ugomvi. Tuchukue ule ua wa mita 6 kwa 8. Mvua ya milimita 20, ambayo katika majira ya mvua si ajabu, huleta lita 960 juu ya eneo hilo la mita 48 za mraba. Ikiwa upande wa paa unaotazama nyuma una mita 40 za mraba na hauna mifereji, huongeza lita 800 nyingine, zote zikianguka kwenye mstari mmoja mwembamba chini ya kingo za bati. Lita 800 ni bidoni 40 za lita 20. Familia inayonunua maji kwa bidoni haihitaji kuelezwa zaidi: mfereji wa bati na pipa vinakuja kabla ya ua lolote, la ngeli yoyote.

Kuna tahadhari moja ya kimji. Moshi wa Nyiragongo unapolala juu ya mji, mvua inayoupitia hubeba asidi, na mabati yanayotoboka mapema ni ushahidi wake. Matone ya kwanza yaachwe yapite bila kuingia pipani, na maji ya pipa yatumike kumwagilia, kufua na kusafisha, si kunywa. Kwa yale yasiyokingwa, uso wa ua uteremke kutoka kwenye nyumba angalau sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea ufa au shimo lililojazwa kokoto za lava. Hili ni muhimu zaidi kwa nyumba za mbao, ambazo ni nyingi kwetu: kitalu kilichoegemezwa kwenye ukuta wa mbao huurushia matope kila mvua inaponyesha na kuuozesha kuanzia chini. Nafasi ya nusu mita kati ya kitalu na mbao, ikiwa imetandazwa kokoto, huuokoa ukuta na hutoa njia ya kupita.

Jambo linalofuata halimo katika vitabu vya bustani, lakini katika sehemu za mji huu ni la uhai na kifo. Vitabu vya nchi za baridi husifu sana sehemu ya kukaa iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, kwa kuwa hukinga upepo. Hapa, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake na karibu na ziwa, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayopenya kutoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, isiyo na rangi, ambayo hujikusanya kwenye mabonde na mashimo usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Neno hilo la kwetu wanasayansi wa volkano wamelichukua na kuliandika hivyo hivyo katika lugha zao. Mtu asiiteremshe sehemu ya kukaa, asichimbe shimo la mbolea lenye kina mahali ambapo kuku au wadudu wamewahi kukutwa wamekufa bila sababu, na asiuzungushie ua wa bondeni ukuta usio na tundu, kwa kuwa ukuta wa namna hiyo huifanya hewa hiyo itulie kama maji ndani ya ndoo. Ukuta wa mawe unaweza kuachiwa matundu sehemu ya chini, upande ambao ardhi inateremkia, ili hewa nzito itoke.

Jua nalo linasomwa vibaya na wanaonakili michoro ya Ulaya. Huko, ua unaoelekea kusini unapata jua na unaoelekea kaskazini ni wa kivuli. Goma iko chini kidogo ya Ikweta, na jua la saa sita mchana linakuwa karibu na utosi mwaka mzima, likiinamia kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kinachotawala hapa ni mashariki na magharibi: nani anapata jua la asubuhi, na ukuta upi unapigwa na jua la alasiri. Jiwe jeusi lililopigwa alasiri hubaki na joto hadi giza linapoingia, na katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako usiku kuna baridi, hapo ndipo pa kuweka benchi. Mboga za majani, kinyume chake, hupendelea jua la asubuhi.

Njia za watu hazihitaji maelezo marefu. Mwagia majivu mistari unayodhani ni njia, uiache wiki moja, kisha utazame nyayo zilipopita kweli: kutoka mlango wa jikoni hadi bombani, kutoka bombani hadi kwenye kamba ya nguo, na mahali pa mbabula, jiko la makaa, panapofuata kivuli. Njia iliyochorwa ikipingana na nyayo, nyayo ndizo zitakazoshinda. Shimo la choo lisisahaulike katika mchoro huo, kwani siku moja litahitaji kuondolewa uchafu, na nimeona kitalu kizuri kikivunjwa chote kwa sababu mfuniko ulikuwa chini yake. Mti wa mizizi mikubwa nao usikaribie shimo hilo wala pipa la maji.

Baada ya hayo yote ndipo mimea inapoingia, na kwa ua wa ukubwa huu iwe michache. Mparachichi ni mti wa heshima, lakini katika mita 48 za mraba huwa mwenye nyumba na wewe ukawa mpangaji wake; mpapai unachukua nafasi ndogo na hutoa matunda mapema. Marakuja na maboga hupanda juu au hutambaa kwenye jiwe lisilofaa kwa kitu kingine, mizizi yao ikiwa kwenye mfuko mmoja wa udongo. Anayetaka rangi apande bugenvilea kwenye ufa wa lava uliojazwa mboji, kwa kuwa ikishashika huvumilia kiangazi cha Juni hadi Agosti bila kudai maji kila siku. Maganda ya ndizi, makapi ya maharage na mabua ya sombe, yaani kisamvu, hurudi kitaluni yakiwa mboji, maana udongo ulioletwa kwa mifuko hushuka mwaka hata mwaka na hakuna kingine cha kuujaza chini yake isipokuwa mwamba.

Asiye na fedha za kufanya yote kwa pamoja afuate mpangilio ule ule kwa awamu: mifereji na pipa kabla ya Septemba, mteremko na njia katika mvua za kwanza huku akiona maji yanavyokwenda, vitalu baadaye. Katika ule ua wa Katindo kitalu cha pili hakijajengwa mpaka leo. Mahali pake pamewekewa alama ya mawe manne, na mwenye nyumba bado anaangalia kama kivuli cha mpapai, unaoendelea kurefuka, kitafika pale au kitaishia kwenye kamba ya nguo.