Programu za madirisha kupitia SSH: mwachie SSH kazi ya kuweka DISPLAY

Mtu akishindwa kufungua programu ya dirisha kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), mara nyingi dawa ya kwanza anayojaribu ni `export DISPLAY=:0`. DISPLAY ni kigezo kinachoiambia programu itumie skrini ipi. Hapo dirisha ama halitokei kabisa, ama linafunguka kwenye skrini ya kompyuta ya mbali ambako hakuna wa kuliona. Amri hiyo inafuta kile ambacho SSH ilikuwa imeshakipanga vizuri.

X Window System (X au X11), mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux na Unix, ambao toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, iliundwa ifanye kazi mtandaoni tangu mwanzo. Seva ya X ni ile yenye skrini, kibodi na kipanya, kwa hiyo iko hapo ulipoketi. Programu inayoendeshwa kule mbali ndiyo mteja wake. Ukiingia kwa

`ssh -X mtumiaji@seva`

(hapa `seva` ni kompyuta ya mbali, si seva ya X), sshd, yaani huduma ya SSH ya kule, inafungua skrini ya bandia, kwa kawaida namba 10, na kusikiliza kwenye poti 6010, yaani 6000 ukijumlisha namba ya skrini. Halafu inaweka DISPLAY kuwa `localhost:10.0`. Programu ikiandika kwenye skrini hiyo, data inapita ndani ya muunganisho uliosimbwa wa SSH hadi kwenye seva ya X iliyo mbele yako. Ndiyo maana ukiibadilisha DISPLAY kwa mkono, au faili la `.bashrc`, linalosomwa kila ganda la amri linapofunguka, likikubadilishia bila wewe kujua, njia nzima inakatika.

Baada ya kuingia, kagua kwanza `echo $DISPLAY`. Ikionyesha `localhost:10.0`, au 11 na kuendelea kama kuna wengine walioingia, jaribu programu ndogo kama `xclock`. Kwenye Debian na Ubuntu imo katika kifurushi cha `x11-apps`. Usianze majaribio na kivinjari; programu kubwa ina sababu zake nyingi za kukwama na itakupoteza.

DISPLAY ikiwa tupu, ombi la kupitisha X11 lilikataliwa au halikutumwa. Ingia tena kwa `ssh -v -X` usome mistari inayotaja X11. Ukiona `X11 forwarding request failed on channel 0`, tatizo liko upande wa mbali, na wahusika huwa watatu. Wa kwanza ni `X11Forwarding` katika `/etc/ssh/sshd_config`: OpenSSH yenyewe huja na `no`, hivyo weka `yes`, hakiki faili kwa `sudo sshd -t`, kisha ipakie upya huduma. Wa pili ni programu ya `xauth`, inayotunza vibali vya kutumia skrini, kukosekana, na hili ni la kawaida mno kwenye seva zilizosakinishwa bila mazingira ya picha. Si lazima usakinishe mazingira yote ya picha kule. Programu ya `xauth` na ile unayoitaka zinatosha. Wa tatu hujificha zaidi: IPv6 imezimwa kwenye mashine, na sshd inashindwa kufungua soketi ya skrini. Katika kumbukumbu za mfumo utaona `Failed to allocate internet-domain X11 display socket`. Mstari wa `AddressFamily inet` katika `sshd_config` huondoa tatizo hilo.

`xauth` inahitajika kwa sababu seva ya X haimkubali kila anayebisha hodi. Mteja lazima aonyeshe kuki, yaani namba ya siri ya kibali, ambayo huhifadhiwa katika `~/.Xauthority`. SSH hupeleka kule kuki ya bandia, kisha huibadilisha na ya kweli ikifika upande wako, ili ya kweli isitoke kamwe kwenye kompyuta yako. Hapo utaelewa kwa nini diski iliyojaa, au folda ya nyumbani usiyo na ruhusa ya kuiandikia, inazuia madirisha: kuki haina pa kuandikwa. Utaelewa pia kwa nini programu inakataa baada ya `sudo`, amri ya kuendesha programu kama root, msimamizi mkuu wa mfumo. Root hana kuki yako. Mwonyeshe faili lilipo:

`sudo env DISPLAY=$DISPLAY XAUTHORITY=$HOME/.Xauthority programu`

Ushauri wa kuandika `xhost +` usiufuate. Unafungua skrini yako kwa yeyote anayeweza kuifikia.

Kuna `-X` na kuna `-Y`. Ya kwanza humchukulia mteja kama mgeni asiyeaminika: humwekea vizuizi, baadhi ya programu huanguka kwa kosa la `BadAccess`, na baada ya dakika 20 madirisha mapya hukataliwa, isipokuwa ubadilishe `ForwardX11Timeout`. `-Y` humwamini kabisa. Kwa `-Y`, mwenye mamlaka ya root kule mbali anaweza kusoma unachoandika kwenye madirisha yako mengine, nywila zikiwemo. Itumie kwa mashine unayoiamini tu. Kwenye Debian mipangilio ya kawaida huifanya `-X` iwe sawa na `-Y`, kwa hiyo usijione salama kwa sababu ya herufi peke yake.

Watumiaji wa tmux, programu inayohifadhi vikao vya terminali hata ukitoka, wana tatizo lao: ukirudi kwenye kikao cha jana, magamba yaliyokuwa wazi bado yana DISPLAY ya jana. Fungua kidirisha kipya ndani ya tmux, nacho kitapata thamani mpya.

Kwenye macOS sakinisha kwanza seva ya X iitwayo XQuartz. Kwenye Windows endesha seva ya X iitwayo VcXsrv, kisha washa X11 katika mipangilio ya SSH ya PuTTY, programu ya kuingilia kwa SSH.

Kasi ndipo subira huisha. Adui hapa ni ucheleweshaji wa mtandao, kuliko upana wake. Programu ikiuliza maswali 50 moja baada ya jingine, na kila jibu likachukua milisekunde 100, umeshasubiri sekunde 5 kabla ya kuona chochote. `-C` hubana data na husaidia kwenye mtandao mwembamba, lakini haipunguzi maswali hayo. Programu za picha za pande tatu (3D) zina kikwazo cha ziada: tangu toleo la 1.17 seva ya X.Org, ile inayotumika sana kwenye Linux, hukataa GLX (njia ya X ya kuchora 3D) ya kupitia mtandao isipokuwa iwashwe kwa `+iglx`. Kwa kazi hiyo VirtualGL inafaa zaidi, kwa kuwa huchora kule kule na kutuma picha iliyokamilika.

Kumbuka pia kwamba muunganisho ukikatika, programu inakufa pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Kwa kazi ya saa nyingi napendekeza xpra, programu inayoyaacha madirisha yakiendelea kule hata ukikatika, ikiwa imesakinishwa pande zote mbili:

`xpra start ssh://mtumiaji@seva/100 --start=xterm`

Mtandao ukikatika, rudi kwa `xpra attach ssh://mtumiaji@seva/100` na dirisha utalikuta lilivyokuwa. Programu zinazotumia Wayland pekee, mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, hazipiti njia ya X hata kidogo; hizo zifungue kwa `waypipe ssh mtumiaji@seva programu`, nayo pia iwepo pande zote mbili.