Wamiami ni watu gani hasa? (siyo wale wa Florida)

Ukitaja Miami tu mtu anawaza bichi na minazi, na hapo ndo watu wanapochanganya, maana kuna kabila la wenyeji wa asili wa Marekani linaitwa Miami na wala halina undugu na ule mji wa Florida. Mji ule jina lake limetokana na Mayaimi, watu wengine kabisa wa hukohuko kusini. Hawa ninaowasema wanajiita Myaamia, yaani watu wa chini ya mto, kule maji yanakoelekea, na kwao ni Indiana pamoja na vipande vya Ohio, Illinois na Michigan.

Na kweli ni watu wa maji. Hadithi yao ya asili inasema mababu walitokea majini kabisa, wakashika matawi ya miti wakajivuta mpaka nchi kavu. Vijiji vyao vilikuwa kandokando ya mito, hasa Wabash. Nyumba waliita wiikiaami, fito zinapindwa halafu zinafunikwa mikeka ya matete au magome ya miti. Shamba lilikuwa la wanawake, mahindi meupe, maharage na maboga, wanaume wao kuwinda. Baridi ikianza kuachia wanagema ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, utomvu wanauchemsha weee mpaka unakuwa sukari.

Ila ukitaka kuwaelewa kweli angalia Kekionga, pale ulipo mji wa Fort Wayne sasa hivi. Mto Maumee unaanzia hapo unaenda ziwa Erie, na Wabash nao unashuka kuelekea mto Ohio hadi Mississippi, katikati yake kuna nchi kavu kilomita 13 au 14 hivi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa ngozi akifika hapo anatoa mtumbwi majini, yeye na mizigo yake wanavuka kwa miguu, na njia ni ya Wamiami, basi unalipa. Hongo, lakini hongo ile ya zamani ya misafara, siyo hii ya trafiki. Kwa miaka mingi aliyeshika biashara ya hapo alikuwa mwanamke, Tacumwah, dada wa chifu Pacanne, akiwa na mwanawe Jean Baptiste Richardville. Chifu wao wa vita, Little Turtle, mwaka 1795 aliwaambia Wamarekani kwamba pale ni lango tukufu.

Huyo Little Turtle siyo wa mchezo. Tarehe 4 Novemba 1791 yeye na makabila rafiki walilipiga jeshi la Marekani la jenerali St. Clair, wanajeshi zaidi ya 600 wakafa asubuhi moja. Lakini 1794 muungano wao ukashindwa pale Fallen Timbers, mwaka uliofuata wakasaini mkataba wa Greenville na ardhi ikaanza kuondoka kipande kwa kipande.

Oktoba 1846 wanajeshi wakawapakia zaidi ya watu 300 kwenye boti za mfereji pale Peru, Indiana, wakapelekwa Kansas, yaani watu wa mto wakatolewa kwao kwa njia ya maji, inauma. Baadaye wakasogezwa tena hadi Oklahoma. Familia chache ziliruhusiwa kubaki, ndo maana mpaka leo wapo wa Oklahoma, wanaotambuliwa na serikali kuu, na wa Indiana walionyang'anywa utambulisho huo 1897.

Lugha nayo, wasemaji wa mwisho waliondoka miaka ya 1960. Bahati nzuri wamisionari wa Kifaransa walikuwa wameacha makamusi ya mkono, mtaalamu David Costa akayachambua, na Daryl Baldwin, mwenyewe Myaamia, akajifunza ukubwani akawa anaongea na watoto wake nyumbani. Ukisema lugha yao ilikufa wanakukatalia, wao wanasema ilikuwa imelala tu. Siku hizi vijana wao wanasalimiana "aya", ukiisikia haraka utadhani kuna Mswahili kasema haya.