Mama hakunywa soda, ilikuwa rifampisini

Kuna mama mmoja nilimgombeza na mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Ana kisukari miaka kibao, glibenklamaidi yake, kidonge cha kushusha sukari, anakunywa vizuri tu, akaanza dozi ya TB na wiki tatu mbele sukari ya damu ikagonga 17 mmol/L. Nikamkazia macho, "mama, soda umeanza lini?" Akajibu kwa upole, "daktari, hata chai siweki sukari."

Na alikuwa anasema kweli. Rifampisini, ile dawa ya TB inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, inalichangamsha ini kiasi kwamba linavunjavunja dawa zingine haraka, na glibenklamaidi ni mojawapo. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, haiguswi sana, insulini nayo haivunjwi kwa njia hiyo, ndo maana wengi tunawahamishia huko.

Ila shida inaanza mbali zaidi. Mwenye kisukari ana hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3 kumzidi asiye nacho, maana sukari ikikaa juu kinga inalegea na wale bakteria waliolala mwilini miaka na miaka wanaamka. Halafu TB yenyewe inapandisha sukari! Kwa hiyo ukipima siku ya kwanza ukakuta iko juu kidogo usimwambie mtu ana kisukari cha maisha hapohapo, rudia akishapata nafuu. Kutopima kabisa ndo mbaya zaidi, kwa sababu magonjwa yote mawili yanakondesha, yanachosha, na kila kliniki inaona ugonjwa wake tu. WHO ilishatoa mwongozo tangu 2011, mgonjwa wa TB apimwe sukari na wa kisukari aulizwe habari ya kikohozi, lakini mafaili bado yako vyumba viwili tofauti na watu wa vyumba hivyo wanasalimiana tu koridoni.

(Ganzi ya miguu usiisahau, isoniazidi, dawa nyingine ya TB, inaleta na sukari inaleta, mpeni vitamini B6.)

Sasa yule mama tulimpandishia dozi ya glibenklamaidi, akaongezewa na insulini, miezi 6 ikaisha, makohozi safi. Hapo ndo pa hatari, rifampisini ikisimama ini linarudi taratibu kwenye hali yake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa inaweza kuidondosha sukari usiku mtu amelala. Nikampunguzia, nikamwandikia arudi baada ya wiki moja. Akacheka, "si umesema nimepona?"