Utarajali katika biashara ya kimataifa ni nini hasa

Kila msimu wa kutuma maombi unapofika, watu husema "natafuta utarajali wa biashara ya kimataifa" wakiwa na maana ya kwamba wanatafuta nafasi ya kwenda nje ya nchi. Aliyekwenda ng'ambo kupokea wageni hotelini kwa miezi 3 anaandika kwenye wasifu wake kuwa amefanya biashara ya kimataifa. Mwenzake aliyebaki nyumbani, akaandaa hati za makontena ya kahawa yanayokwenda Hamburg na Antwerp, anajiita "msaidizi wa ofisi" kwa sababu hakupanda ndege. Huyu wa pili ndiye aliyeifanya kazi yenyewe, na inasikitisha kuona anajishusha kwa sababu tu ameielewa vibaya maana ya neno.

Tafsiri yake ni fupi. Utarajali ni kipindi chenye mwanzo na mwisho ambapo mwanafunzi au mhitimu mpya anafanya kazi halisi chini ya msimamizi ili ajifunze kazi hiyo. Biashara ya kimataifa ni shughuli yoyote ya kibiashara ambayo bidhaa, huduma, mtaji au haki ya kutumia teknolojia inavuka mpaka wa nchi. Kwa hiyo utarajali katika biashara ya kimataifa ni ule unaomweka mtu karibu na muamala unaovuka mpaka. Mahali anapokaa yeye ni suala jingine kabisa.

Mambo matatu huchanganywa hapa, na kila moja lina madhara yake. La kwanza ni hilo la kusafiri. La pili ni kufanya kazi katika kampuni yenye matawi nchi nyingi. Kampuni ya aina hiyo inaweza kukuweka kwenye idara ya mishahara ya tawi moja, ukamaliza miezi 6 bila kuona ankara hata moja ya fedha za kigeni. Ofisi ya watu 8 inayouza ufuta au maua nje ya nchi itakuonyesha mengi zaidi katika wiki 2. La tatu ni kulichanganya eneo hili na uhusiano wa kimataifa. Nafasi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano, huchukua miezi 2 hadi 6 na hazilipwi. Zinamfaa sana anayetaka kujua sera na diplomasia, lakini anayetaka kujua bei ya kusafirisha kontena la futi 20 inavyokokotolewa hatajifunzia huko.

Ili tofauti hii ieleweke, lifungue faili moja la mauzo uangalie kilichomo. Tuseme ni kontena moja la futi 20 lenye kahawa mbichi, magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Mtarajali aliyewekwa kwenye dawati la mauzo ya nje atakutana na nukuu ya bei, ankara ya awali, mkataba, ankara ya biashara, orodha ya ufungashaji, cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea, tamko la forodha na hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Kila hati ina mtu wake anayeitoa na siku yake ya kuwa tayari. Kazi ya dawati ni kuhakikisha zote zinasimulia jambo moja.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kontena haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito wake kamili kuthibitishwa, kanuni inayofuatwa tangu Julai 1, 2016. Uzito huo ni bidhaa, vifungashio na kontena lenyewe kwa pamoja. Mgeni wa kazi huandika kilo 19,200 akasahau magunia na kontena tupu, ambalo peke yake huzidi tani 2. Mzigo unaachwa bandarini, meli inaondoka, na tozo za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa siku za bure zikiisha.

Msimbo wa forodha, yaani namba inayotambulisha aina ya bidhaa, ni eneo jingine la kujifunza. Mfumo wa HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao Brussels, ulianza kutumika Januari 1, 1988. Tarakimu zake 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoufuata, na kila nchi huongeza zake baada ya hizo. Kahawa isiyokaangwa na isiyoondolewa kafeini ni 0901.11. Ikikaangwa inakuwa 0901.21. Bidhaa ni ileile machoni pa mlaji, lakini msimbo umebadilika, na ushuru katika nchi inakokwenda unaweza kubadilika nao. Mtarajali aliyekosea msimbo mara moja mbele ya msimamizi mwenye subira hujifunza umakini ambao darasa haliwezi kumpa.

Kisha kuna masharti ya uwasilishaji, yaani Incoterms, yanayosema gharama na hatari ya mzigo zinatoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi wapi. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC) ya Paris, na toleo linalotumika sasa ni la 2020, lenye masharti 11. Saba hutumika kwa usafiri wowote, manne ni ya majini tu: FAS, FOB, CFR na CIF. Wanafunzi wengi hukariri vifupisho hivi vyote, na bado kosa moja hurudi kila siku maofisini: kuuza mzigo wa kontena kwa FOB. Chini ya FOB hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini. Lakini kontena hukabidhiwa kwenye yadi siku kadhaa kabla ya hapo, na muuzaji hana mamlaka nalo tena. Likiungua yadini, hasara bado ni yake. Sharti linalofaa ni FCA, ambalo huhamisha hatari mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji. Watu huendelea na FOB kwa mazoea, na kwa sababu benki hutaka hati ya shehena inayosema mzigo umepakiwa melini. Toleo la 2020 limeliona hilo: chini ya FCA, pande mbili zinaweza kukubaliana kuwa mnunuzi amwagize msafirishaji ampe muuzaji hati hiyo.

Benki nayo ina mlango wake mzuri wa kuingilia, na ni watu wachache wanaoukumbuka wanapotafuta nafasi. Idara ya fedha za biashara hushughulikia LC (letter of credit), ambayo ni ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta hati zilizotajwa, zikiwa sawasawa. Kanuni zake zinaitwa UCP 600, zilianza Julai 1, 2007, na zina vifungu 39. Benki hushughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Kahawa inaweza kuwa bora kuliko zote sokoni, lakini kama ankara imeieleza bidhaa tofauti na LC ilivyoieleza, benki ina haki ya kukataa. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yalingane na ya LC. Kwenye hati nyingine yanaweza kuwa ya jumla mradi hayapingani nayo. Benki ina siku 5 za kazi za kukagua tangu hati ziwasilishwe. Pale hati halisi ya shehena inapotakiwa, muuzaji ana siku 21 za kalenda tangu mzigo upakiwe kuwasilisha hati zake, isipokuwa LC yenyewe imetaja muda mwingine, na kwa vyovyote asivuke tarehe ya mwisho ya LC. Mtarajali anayekaa na mkaguzi wa hati kwa miezi 3 akasoma LC 40 au 50, akiweka alama kila penye tofauti, anatoka na ujuzi unaotafutwa na wauzaji, wanunuzi, wakala wa forodha na benki nyingine zote.

Ukishaelewa hivyo, swali la muda wa utarajali linajijibu. Oda moja inayosafiri kwa bahari, kuanzia nukuu ya bei hadi fedha kuingia, kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 4. Nafasi ya wiki 4 itakuonyesha kipande: ama utaona mkataba ukisainiwa usione mzigo ukifika, au utaona kontena likifunguliwa bila kujua liliuzwaje. Omba miezi 3 kama ndiyo kiwango cha chini, na 6 ikiwezekana. Kama chuo kinakupa wiki 8 tu, muombe msimamizi akukabidhi faili ambalo tayari liko katikati na jingine linaloanza, uyaone yote mawili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza mambo ya wazi. Nitakuwa dawati gani? Kampuni inafungua faili ngapi za uagizaji au mauzo ya nje kwa mwezi? Nani atakagua kazi yangu, na mara ngapi kwa wiki? Nitaruhusiwa kuona mawasiliano na mnunuzi wa nje au nitapewa kunakili tu? Ofisi inayojibu "utasaidia pale utakapohitajika" huwa haijaandaa chochote, na mtarajali wake huishia kudurufu karatasi. Majibu hayo yaingie kwenye mkataba wa maandishi pamoja na tarehe, saa za kazi, posho na bima. Wakala anayedai ada kubwa ili "akuunganishe" na kampuni ambayo hajaitaja jina aepukwe mapema.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Mwajiri wa eneo hili hajali sana kwamba unapenda tamaduni mbalimbali. Anataka kujua kama unaweza kujenga lahajedwali inayokokotoa bei ya FCA hadi CIP (sharti ambalo muuzaji hulipia usafiri na bima) bila kukosea, kama unaandika barua pepe inayoeleweka katika lugha ya mnunuzi, na kama ukipewa hati 6 utaona kwamba namba ya kontena kwenye moja imepishana kwa tarakimu. Hili la mwisho linaweza kufanyiwa jaribio siku ya usaili. Anayesoma taratibu, mstari kwa mstari, akilinganisha hati mbili mbili, hulifaulu.

Wanaotaka kusafiri wasichukulie haya kuwa ni kuwakatisha tamaa. Kuishi kwenye soko la mnunuzi kuna faida kubwa: unaona bidhaa inavyopangwa dukani, unajifunza kwa nini mnunuzi huchelewa kujibu Agosti, unasikia malalamiko ambayo hayaandikwi kwenye barua pepe. Ila safari ina sheria zake. Viza ya utalii hairuhusu utarajali hata kama haulipwi. Marekani, kwa mfano, hutumia viza ya J-1 kwa watarajali. Kundi hili ni la wanaosoma vyuo vya nje ya Marekani au waliomaliza katika miezi 12 iliyopita. Muda hauzidi miezi 12, saa ni angalau 32 kwa wiki, na mpango wa mafunzo huandikwa kwenye fomu DS-7002. Kanuni zake zinasema kazi za ukarani zisizidi asilimia 20 ya kazi yote. Ni kipimo kizuri cha kutumia popote, hata kwa nafasi ya hapo hapo ulipo: chukua orodha ya majukumu uliyopewa, toa kudurufu, kupanga mafaili na kupokea simu, uone kinachobaki. Ulaya nako, Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ina mafunzo yenye posho ya miezi 5, yanayoanza Machi 1 na Oktoba 1, na Kurugenzi yake ya Biashara iliyoko Brussels ni mojawapo ya idara zinazopokea watu. Huko utajifunza zaidi mikataba ya biashara kati ya nchi na nchi kuliko kontena na ankara.

Ukiwa nyumbani au ng'ambo, weka daftari la miamala tangu siku ya kwanza. Kwa kila faili andika aina ya bidhaa, msimbo wa HS, sharti la Incoterms, njia ya malipo, kilichokwama na namna kilivyokwamuliwa. Usiandike majina ya wateja wala bei zao, maana hizo ni siri za kampuni. Mwisho wa utarajali, daftari hilo ndilo litakalokusaidia kujibu swali la usaili kwa jambo mahususi.

Na kwa wale walioandika "msaidizi wa ofisi" kwenye wasifu ilhali walikuwa wakiandaa hati za makontena, rekebisheni mstari huo. Andikeni "mtarajali, dawati la hati za mauzo ya nje: ankara, vyeti vya uasili na LC za shehena za bahari", mkitaja idadi ya mafaili mliyoyashughulikia. Waliokuwa mapokezi ya hoteli ng'ambo nao waandike "mtarajali, huduma kwa wageni", pamoja na nchi na lugha walizotumia. Ni kazi yenye soko lake, na mwajiri wa hoteli ataielewa vizuri zaidi ikiitwa kwa jina lake.